Limelimwa na Nani?

Jumapili ya mavuno mliniaga kwa saa ya ukutani, blanketi mbili na hotuba tisa. Kwa blanketi nashukuru, maana baridi ya Kiomboi mwezi wa saba haina heshima kwa mtu mzima. Hiyo saa bado naitafakari. Mtu ambaye hana tena pa kuwahi mnampa saa ya nini? Hotuba nimezisahau zote, isipokuwa ya yule mzee wa kanisa aliyesema nimetumika miaka yote hii bila kosa. Nilitazama chini. Mzee huyo alikuwapo siku nilipokosea mbele ya kanisa zima, tena alipiga makofi.

Baada ya chakula mlinifuata ninyi wawili, Damari na Yona, mnaochukua kiti changu, mkaniomba niwaandikie mwongozo wa kazi. Mwongozo siuwezi. Nitawaandikia nilivyofanya kazi na nilivyoiharibu, nanyi mtajua wenyewe pa kupita.

Nilifika usharikani nikitoka kwetu Kinampanda, binti mwenye cheti kipya cha huduma ya jamii. Nilivaa viatu vya kisigino kifupi, nikabeba daftari la mistari na kalamu tatu: nyeusi, ya bluu na nyekundu. Ile nyekundu ilikuwa ya kuandikia shida kubwa. Nilipokelewa na Mwinjilisti Kiula, mtu mfupi, mpole, anayecheka kwa mabega tu bila sauti. Nikampigia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akauliza: “Jembe lako liko wapi?”

Nilidhani ni utani wa kupokea wageni. Haukuwa utani. Alinipakia kwenye baiskeli yake, majembe mawili yamefungwa kwa mpira pembeni, tukaenda kwa mzee mmoja ambaye mkewe alikuwa hawezi kuinuka kitandani. Tulimkuta shambani anapalilia mtama. Kiula alimsalimu, akauliza mvua, akavua koti, akaanza kupalilia. Mimi nilisimama na daftari kama mtu wa sensa. Nikamuuliza mzee kama ana shida yoyote. Akasema hana, wanamshukuru Mungu. Nikaandika kwa kalamu nyeusi: hana shida.

Kiula akanionyesha jembe la pili kwa kidevu. Nilipalilia mpaka jua likawa utosini. Viganja vilitoka malengelenge, kisigino cha kiatu kimoja kikabaki kwenye udongo wa watu. Na tulipokuwa mstari wa mwisho, yule mzee asiye na shida akaanza kusema, taratibu, bila kuinua kichwa, kwamba wiki ya pili sasa hajui amlishe nini mkewe, na anaona haya kumwosha kwa sababu hajawahi kufanya kazi hiyo maishani. Alisema yote, na sikuwa na kalamu mkononi.

Tukirudi, Kiula aliniambia watu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini yeye kwa watumishi wapya hasubiri hiyo ya tatu. Kisha akanifundisha jambo ambalo nimelifuata maisha yangu yote ya kazi, ukiacha mwaka mmoja nitakaousimulia. Mtu ukimsimamia na kumuuliza shida yake, atakwambia hana. Mkiinama pamoja mkitazama ardhi, maneno yatatoka yenyewe. Aibu iko machoni, alisema, kwa hiyo yaondoe macho yako.

Basi nikawa mtumishi wa jembe. Watu wakaniita Mama Huduma hata kabla sijapata mtoto. Nimelima mtama, uwele, karanga na viazi vya watu wengi kuliko vyangu. Nimekata michembe, vile viazi vya kukausha, na wajane mpaka vidole vikapinda. Nilipoazimwa miaka miwili kule Mitundu nilijifunza kwamba warina asali hawana cha kulima, kwa hiyo nikaenda nao porini. Nyuki walinisalimia mmoja mmoja, na nilirudi na uso ambao mchungaji wa kule hakuutambua. Lakini siku hiyo ndipo nilipoambiwa kuna mtoto mlemavu anayefungiwa ndani wakati wazazi wakiwa porini. Sasa ni fundi cherehani, na gauni nililovaa mkiniaga alilishona yeye.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Ulifika mwaka usharika ukapata pikipiki. Nyekundu, mpya, na funguo nikakabidhiwa mimi. Jamani, nilijiona! Nilianguka mara mbili mbele ya sokoni na mara zote mbili niliinuka nikiwa bado najiona. Jembe halikufungika vizuri kwenye pikipiki, nikaliacha nyumbani. Nyumba nilizokuwa nazitembelea kwa mwezi nikawa nazimaliza kwa siku tatu. Nafika, sizimi injini, nauliza hamjambo, mna shida? Hatuna, Mama Huduma. Natia alama kwenye daftari, naondoka na vumbi langu. Taarifa zangu mwaka huo zilikuwa nzuri hata zikasomwa mbele ya wageni. Kiula, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, alinitazama siku moja nikipita, akacheka kwa mabega. Ningejua kile kicheko kilikuwa na maana gani ningesimama.

Katika nyumba nilizozipita hivyo ilikuwamo ya Mama Damari. Ndiye mama yako, Damari, na Yona naye ajue, ili asikie habari hii kutoka kwangu kwanza. Mumewe alifariki mvua zilipoanza, mashamba yameshapandwa, akamwachia watoto watatu. Damari, wewe ndiwe mkubwa, ulikuwa darasa la tano. Nilikwenda msibani kama kawaida. Baada ya hapo nilipita na pikipiki mara nne, na mara zote nne aliniambia hana shida.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Mnajua kwetu siku hiyo ilivyo. Watu wanaleta walichovuna, kuku, mtama, vitunguu, alizeti, kinaombewa madhabahuni, halafu kinapigwa mnada nje. Kazi yangu ilikuwa mlangoni, kupokea na kupanga. Akaja Simioni, shemeji yake Mama Damari, mdogo wa marehemu. Alikuwa mzee wa kanisa, tena mwenye sauti nzuri ya kuomba. Alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, juu yake magunia matatu ya alizeti yaliyojaa mpaka shingoni. Hakuna aliyewahi kuleta matatu. Kanisa likasimama, yule mzee wa hotuba akapiga makofi, na vigelegele vya kwanza nilivipiga mimi. Nilivipiga kwa moyo wangu wote, na nina pumzi, mnanijua.

Mama Damari alikuwa benchi la nne upande wa akina mama. Niliona anainuka, anajifunika kanga vizuri, anatoka. Nikadhani ameugua.

Siku ya pili yake nikapanda pikipiki nimwone mgonjwa. Njiani nikamkuta Kiula ameketi kwenye jiwe mbele ya nyumba yake, nikasimama kumwamkia. Nilipomwambia ninakokwenda aliinuka, akaingia ndani, akatoka na jembe. Akanyoosha mkono mwingine, nimpe funguo. Nikampa. Nilitembea kwa miguu saa nzima na jembe begani, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa maziwa.

Nilimkuta Mama Damari kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba, anachimba viazi. Sikumuuliza ugonjwa. Nilianza kuchimba. Tulifika mwisho wa tuta la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne akasema, macho yako chini:

“Yale magunia matatu mliyoyaombea jana, niliyashona mimi.”

Halafu yakatoka yote, mwanzo kwa Kiswahili, baadaye kwa Kinyiramba, maana uchungu una lugha yake. Shamba lile la alizeti walilifyeka yeye na mumewe, pori tupu, wakalizungushia ua wa minyaa. Mume alipofariki alibaki yeye kupalilia, kuvuna, kupiga alizeti kwa fimbo, kupepeta, kujaza na kushona. Magunia kumi na moja. Siku alipomaliza kushona la mwisho, Simioni alikuja na mkokoteni akasema mazao ya marehemu hukaa kwa mkubwa wa ukoo, ambaye sasa ni yeye, na msimu ujao shamba watalilima wanawe yeye. Akayabeba yote. Akaniuliza, watoto wangu hawa watatu watakula nini, Mama Huduma? Na mimi nimwambie nani, wakati aliyechukua ndiye anayetuombea? Nilikuona unapita na pikipiki. Nikasema mtu huyu ana haraka, ngoja nisimcheleweshe.

Nililia pale kwenye matuta. Sioni aibu kuandika. Mjane alikuwa anaporwa mita mia tatu kutoka njia ninayopita, na mimi natia alama. Kisha mazao yake yakaletwa mlangoni kwangu, nikayapigia vigelegele.

Habari nikaipeleka kwa mchungaji, na baraza la wazee wa kanisa likakaa Jumatano. Simioni alikuwapo, ni haki yake. Alisema hayo ni mambo ya ukoo, kanisa lisiingie. Mmoja akashauri tuombe. Mwingine akashauri mama apewe kitu kidogo kimyakimya, kwa mlango wa nyuma, kanisa lisiaibike. Mchungaji alikuwa kijana, mwaka wake wa kwanza kwetu, na jasho lilimtoka. Mimi si mjumbe wa baraza. Huitwa kutoa taarifa tu. Nikatoa taarifa:

“Tuliyapokea mlango wa mbele kwa vigelegele. Yatarudi kwa mlango wa mbele.”

Tatizo ni kwamba magunia hayakuwapo tena. Yalinunuliwa mnadani na Bwana Hamisi, mwenye mashine ya kukamua mafuta. Hamisi ni Mwislamu, lakini mnada wetu wa mavuno hajawahi kuukosa. Anasema alizeti ya Wakristo ina mafuta sawasawa na nyingine, ila bei ina upendo. Nilikwenda kwake Alhamisi nikiwa na hofu, maana mashine yake hailali. Kweli, magunia mawili yalishakamuliwa. La tatu lilikuwa limesimama kona ya stoo.

Lilipona kwa sababu ya mkewe. Alikuwa amekataza lisikatwe mpaka aige ule ushonaji. Nami ndipo nilipotazama vizuri. Sisi wengine tunashona magunia kwa katani, tunafunga fundo, basi. Hili lilishonwa kwa nyuzi nyekundu zilizofumuliwa kutoka kwenye ile mifuko ya wavu ya vitunguu, hatua fupifupi, na mwisho wake umesukwa mkia kama nywele za mtoto wa shule. Nililipokea gunia hilo kwa mikono yangu miwili mlangoni na sikuliona.

Nilimweleza Hamisi habari yote. Alifuta mikono kwenye kitambaa, akasema: “Mama Huduma, mali ya yatima kwetu ni moto tumboni. Gunia nitalileta mwenyewe.”

Akalileta Jumapili. Akaja na kofia yake nyeupe, gunia kwenye mkokoteni pamoja na madumu ya mafuta ya yale mawili, akaketi benchi la mwisho akasikiliza mahubiri mpaka mwisho, jambo ambalo baadhi ya wazee wetu hawaliwezi. Wakati wa matangazo mchungaji akaniita. Nilisema kwamba Jumapili iliyopita nilipokea mlangoni mazao ya mjane yaliyochukuliwa kwake, nikayashangilia, na kwamba nilishindwa kujua kwa sababu nilikuwa sizimi injini. Watu walicheka kidogo hapo.

Simioni alisimama. Akasema kwa ile sauti yake nzuri kwamba alizeti haina jina, gunia ni gunia, na mwanamke mwenye majonzi anaweza kuona mali yake kila mahali. Niliona vichwa vinaanza kutikisika kukubali. Nikasema moyoni, basi, tumempoteza mama wa watu, shamba limekwenda.

Mama Damari akainuka. Alikwenda mbele, akafungua pindo la kanga, akatoa sindano ya gunia na kipande cha wavu mwekundu wa vitunguu. Mke wa Kiula akampelekea gunia tupu lililokuwa limetandikwa mlangoni. Akapiga magoti sakafuni, akafumua uzi, akashona. Kanisa zima lilikaa likimtazama mwanamke anashona gunia. Alipofika mwisho alisuka ule mkia, akakata uzi kwa meno, akaliweka gunia lile kando ya lile la Hamisi, akarudi benchi la nne.

Kisha Bibi Perusi, jirani yake, ambaye miezi yote hiyo hakufungua mdomo kwa kumwogopa Simioni, akasimama na fimbo yake. Akasema: “Minyaa ya lile shamba niliwapa mimi mbegu. Walikuwa wawili tu na panga lao. Ukoo sikuuona.” Akasimama mwingine, akasema alipalilia naye. Akasimama wa tatu. Hao hao ndio walioongozana na Mama Damari wiki iliyofuata mbele ya baraza la ardhi la kijiji, wakasema vilevile, tena wakaenda mpaka kwenye minyaa wakaonyesha kwa vidole. Shamba likaandikwa jina lake. Nawe Damari, uliyekuwa umeacha shule, ukarudi darasani na daftari jipya, na kwa mwaka mzima nyumba ile ilikula ugali kwa mboga iliyoungwa mafuta.

Simioni alijiuzulu uzee wa kanisa, akasusa ibada mpaka mvua zikarudi. Siku moja tukamwona anapita na mkokoteni, magunia yaliyosalia juu yake, anaelekea kwa shemeji yake. Hakutusalimu. Miaka miwili baadaye alikuwa ndiye mwenye kelele kuliko wote mtu akigusa shamba la mjane, mpaka tukawa tunamwomba apunguze. Toba nyingine ni za kimya, ya kwake ilikuwa na spika.

Funguo za pikipiki Kiula alikuwa amenirudishia, lakini mimi nilimpelekea tena kwa hiari. Alizikataa, akaniletea mabomba mawili ya chuma yaliyochomelewa kushika jembe pembeni ya kiti. Alikuwa ameshayapima. Pikipiki imekuwa ikibeba jembe tangu siku hiyo, na ninyi msije mkalitoa.

Tukaweka pia desturi mpya mlangoni. Anayeleta mazao haulizwi ni kiasi gani. Anaulizwa moja tu: limelimwa na nani? Anataja majina kwa sauti ndipo anaingia. Mwaka wa kwanza ilikuwa vichekesho. Mtu aliyezoea kuingia kifua mbele na debe la karanga alisimama mlangoni dakika nzima kisha akasema, zimelimwa na mke wangu, zimepaliliwa na mke wangu, mimi nilikuwa nafukuza ndege. Mwingine alileta jogoo mkubwa akakiri hamjui sana, amekutana naye asubuhi. Vigelegele vikawa vinakwenda kwa wake waliokuwa benchini. Wapo walioacha kuleta. Wapo walioanza kulima ili wapate la kusema.

Sasa nimalizie na Jumapili ile mliyoniaga. Mwaka huu nyonga ilinikamata tangu mwezi wa pili, mnajua. Shamba langu sikulikanyaga. Lakini asubuhi ya mavuno nilitaka kuingia na kitu, nisiingie mikono mitupu siku yangu ya mwisho, kwa hiyo nilimwomba kijana wa mkokoteni abebe gunia lililokuwa stoo kwangu. Sikulikagua, nilidhani ni la mwaka jana. Nilivaa gauni jipya nikatembea nyuma yake taratibu kama malkia mbovu.

Mlangoni ulisimama wewe, Damari, kwa mara ya kwanza ukishika kazi yangu. Ukapiga goti, ukasema, “Shikamoo, Mama Huduma.” Nikaitikia, nikataka kupita. Hukunipisha. Ukaniuliza kama unavyomuuliza kila mtu, bila tabasamu, na watu wote nyuma yangu wakisikiliza:

“Limelimwa na nani?”

Desturi niliianzisha mimi, na sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Nikageuka kulitazama lile gunia. Limeshonwa kwa uzi mwekundu wa vitunguu, hatua fupifupi, na mwisho wake mkia umesukwa.

Nikatafuta benchi la nne. Mama yako alikuwa ametazama chini kama mtu anayechimba viazi. Miezi yote ile nikiwa kitandani alikuwa anapita kuniuliza hali, nami nilimjibu sina shida.

Basi nikataja jina lake kwa sauti, kanisa zima likasikia. Vigelegele vya kwanza safari hii sikuvipiga mimi.